Fisadi wa Stoo

Kila Ijumaa wanafunzi wa darasa la sita waliyaanua mahindi ya uji yaliyoanikwa nyuma ya stoo ya shule. Kabla ya magunia kufungwa, kiranja wao, msichana mwepesi wa mdomo na wa miguu, alitakiwa kung'ata punje kutoka kila turubai. Punje ikivunjika, mahindi yamekauka. Ikibonyea, yanarudi juani.

Ijumaa moja wingu lilitanda, na wenzake walikuwa wameshaanza mpira.

"Umeng'ata?" mtunza stoo alimwuliza.

"Ndiyo, babu. Makavu kabisa."

Hakuwa ameng'ata hata moja. Mzee alimwamini, akafunga magunia.

Baadaye watoto wa darasa la kwanza wakaanza kutapika baada ya kunywa uji, wengine wakalazwa. Magunia yalipofunguliwa, mahindi yalikuwa yameota ukungu. Ikavumishwa kwamba mtunza stoo ameuza mahindi mazuri akanunua mabovu. Akasimamishwa kazi. Alipotoka getini, koti begani, wanafunzi walimzomea: "Fisadi, fisadi!" Kiranja alizomea kuliko wote, asije akashukiwa.

Katika kipindi kilichofuata, mwalimu wa Kiswahili aliliandika neno hilo ubaoni.

"Tunalisikia kwenye siasa kila siku, tunadhani ni mwizi wa mali ya umma tu," alisema. "Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuharibika, hata chakula kikioza. Fisadi ni mharibifu. Basi kabla hujamwita mtu hivyo, jiulize nani hasa aliyeharibu."

Kiranja alikuwa anamjua aliyeharibu. Kengele ilipolia alikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema yote huku analia, na kesho yake akayarudia mbele ya shule nzima. Ukiranja akavuliwa.

Wagonjwa walipona taratibu, na mzee akarudishwa kazini. Msichana alimfuata stoo.

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," mzee alijibu bila kutabasamu. "Ungeniambia jioni ile ile, tungeyaanika upya, mambo yakaisha. Ulinyamaza, wakaumwa wadogo zako. Ukanizomea, na mke wangu mpaka leo haendi sokoni kwa aibu. Ukweli usiucheleweshe. Ukiuchelewesha, wanaulipia wengine."

Jioni msichana alibisha hodi nyumbani kwa mzee, akamwomba bibi waende sokoni pamoja. Bibi aliingia ndani kuchukua kikapu.