Niko Sawa, Bethwel

Tii... tii... tii...

Kengele ya usalama iliyoning'inia shingoni mwa Naliaka ililia giza likiingia kwenye kituo cha maziwa cha Dundori, akabonyeza kitufe cha kijani upesi kabla mwanawe Shantel hajashtuka. Mtoto alikuwa amelala kwenye kreti nyuma ya tangi la maziwa, amefichwa, kwa sababu wa kumwachia hakuna na meneja alishasema mtoto akionekana hapo kazi imeisha.

Kila anayefanya kazi peke yake hapo huvaa kengele hiyo, na ikilia lazima ajibu. Kijani, uko sawa. Nyekundu, njooni. Hata Nekoye, aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake, aliivaa, hii hii, na asubuhi wakampata amekufa ndani ya chumba cha baridi, kifua kimelowa maziwa ya mtoto aliyemwacha nyumbani. Usiku kucha kengele yake ilikuwa ikijibu: niko sawa.

Naliaka akaingia chumba hicho kutoa maziwa lala, mbio mbio, akisema moyoni narudi sasa hivi, narudi sasa hivi...

Mlango ukajifunga.

Akasukuma. Akapiga teke. Nje, Shantel akaanza kulia. Basi kazi na iende! Akabonyeza nyekundu.

"Mama Shantel, ni nini tena?" Bethwel wa ofisi ya ulinzi mjini aliuliza kupitia kengele. "Ama umeona panya?"

Kabla Naliaka hajafungua mdomo, sauti ikajibu.

Sauti yake mwenyewe.

"Niko sawa, Bethwel. Nimegusa tu vibaya."

"Si mimi! Bethwel! Nimefungiwa, mtoto yuko nje!"

"Kwani nasikia mtoto hapo?" Bethwel akauliza, kana kwamba hakumsikia kabisa.

"Ni paka," sauti ikacheka.

"Haya, mpatie maziwa basi, anyamaze."

Laini ikakatika.

Na nje, Shantel akanyamaza. Ghafla. Kisha... mtoto akinyonya. Na mtu akimwimbia, pole pole.

"Nekoye?" Naliaka alinong'ona, meno yakigongana. "Dada, tafadhali. Huyo ni wangu."

Wimbo ukakoma. Kengele ikanong'ona kifuani pake: "Utaambia nani?"

"Hakuna! Hakuna mtu, nifungulie tu!"

Mlango ukafunguka.

Shantel alikuwa kwenye kreti, macho wazi, ametosheka. Maziwa yaliyomtiririka kidevuni yalikuwa baridi kama barafu. Naliaka akamnyakua, akakimbilia nje kwenye ukungu, akaivua kengele aitupe...

"Kesho umlete," ikasema, kwa sauti yake. "Ama nimfuate nyumbani?"

Mkono ukabaki hewani. Akairudisha shingoni, taratibu.

"Nitamleta," Naliaka akasema, akimfunika mtoto masikio. "Na sitamwambia mtu yeyote."