Nafasi Aliyoiacha Peres

Kuna jambo moja ambalo Tobias Were, fundi wa kurekodi, hakuwahi kulipatia jibu. Peres alipoimba sehemu yake, aliacha nafasi tupu kila baada ya ubeti, ili mwenzake Naliaka, aliyekuwa mgonjwa, aje aitikie siku nyingine. Tobias alikuwepo. Katika nafasi zile hamkuwa na kitu ila kimya na mvumo hafifu wa magari ya River Road, Nairobi. Kanda ikafungiwa kabatini, majina yao mawili yameandikwa juu ya kasha. Peres akapata homa ya mapafu, akafa, akazikwa kwao Kakamega. Kanda ilipotolewa, ndani ya nafasi ya kwanza kulikuwa na mtu ananong'ona: "Naliaka, uko?"

Ulikuwa mwaka 1971. Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la santuri la Kanubhai, kuta zimezibwa kwa magunia na trei za mayai. Naliaka alisimama mbele ya maikrofoni, spika za masikioni kichwani, tayari kumwitikia marehemu. Katika nyimbo zao waimbaji huitana majina katikati ya wimbo, na anayeitwa huitika. Ndiyo chumvi ya wimbo. Kwa hiyo hakushtuka kama alivyopaswa. Lakini alijua pia, kama kila mtoto wa kwao ajuavyo, kwamba ukiitwa na usiyemwona, kwanza unanyamaza. Tatizo ni kwamba alikuwa amekaa miezi mingi katika chumba walichopanga pamoja kule Mutuini, kitanda cha pili kimetandikwa, bila mtu wa kumuuliza ameshindaje.

"Niko," akasema.

"Vizuri sana!" Kanubhai alipiga makofi mlangoni. "Mwenye kufa na mwenye kuishi, santuri moja! Watu nalia mpaka basi."

Tobias hakucheka. "Dada, ulikuwa unamjibu nani?"

"Si Peres ameniita?"

"Peres hakuita mtu. Mimi ndio nilikuwa hapa."

Jioni ile, Naliaka akikata sukuma, aliulizwa kutoka kitanda cha pili: "Naliaka, uko?"

Kisu kilisimama. Chumbani kulinuka udongo mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

"Niko."

"Umeshindaje?"

Akaeleza. Alieleza habari za basi na za Kanubhai, na za viatu vilivyomchubua, na kadiri alivyoeleza ndivyo ile harufu ilivyosogea karibu, naye akaendelea tu, kwa maana hofu yake ilikuwa ndogo kuliko upweke wake. Akalala usingizi mzito.

Ikawa desturi yao. Kisha siku moja pale Dagoretti Corner, Wanjira, mama mwenye nyumba, alimzuia njiani akiwa na kikapu cha mboga. "Wewe Naliaka, siku hizi unaringa? Hata salamu hakuna!"

Naliaka alikuwa amemsalimu mara mbili.

Studioni Tobias alimsikilizisha kazi yao. Katika ubeti wa kwanza Naliaka aliitika vizuri. Katika wa pili sauti ilikuwa nyembamba. Mbele zaidi ilibaki pumzi, na mwishoni Peres aliita na Peres akaitika.

"Mama, sauti yako iko wapi?" Kanubhai aliuliza, na safari hii hakupiga makofi. "Hii kitu si ya duka. Huyu Peres iko na mama? Ita mama yake."

Lornah, mamake Peres, alikuja kwa gari la moshi. Kwao ndiye aliyeitwa wafu wasipotulia. Alisikiliza wimbo hadi mwisho, machozi yakimtoka bila kelele, kisha akaomba mashine izimwe.

"Anayeimba ni mwanangu," akasema. "Anayeita simjui."

"Mama, ni sauti yake," Naliaka alinong'ona kwa kile kidogo alichobakiwa nacho.

"Peres alikuwa anakuita Naliaka?"

Naliaka akakumbuka. Kweli hakuwahi, hata nyimboni. Peres alitaka kaka yake amwoe, basi siku zote kwa utani alimwita mulamwa, yaani shemeji kwa lugha ya kwao.

"Alikuita mulamwa," Lornah akasema. "Huyu jina lako amelitoa juu ya kasha la kanda. Ni jini. Alikuta nafasi wazi, akaingia."

Tobias alikuwa ameshika plagi ya mashine mkononi, ameshaichomoa ukutani. Hata hivyo spika ilitoa sauti, polepole, kama mtoto anayeonja chakula kigeni: "Mu... lamwa?" Kisha tena, sawasawa, pamoja na kicheko cha Peres: "Mulamwa! Uko?"

Naliaka alifungua kinywa. Lornah alikifunika kwa kiganja.

"Tuichome," Tobias alisema.

"Moshi utaingia kwa nani? Nafasi ile inangoja jibu. Ijazwe kimya, na aliyeitika ndiye anyamaze."

Wakakubaliana hivyo: kanda yote irekodiwe kimya juu ya wimbo, maikrofoni wazi, Naliaka mbele yake bila kuitika. Wimbo wa Peres ungefutika pia, na hapakuwa na mwingine. Kanubhai aliitazama kanda kwa muda mrefu. "Futa," akasema.

Mchana ule wengine wote walitoka. Naliaka alibonyeza kitufe mwenyewe. Sauti ikamwita kwa jina, ikamwita mulamwa, ikamuuliza ameshindaje, na alipokaa kimya ikaanza kulalamika kwamba huko iliko kuna baridi na hakuna mtu, kwamba hata Naliaka anajua kulala katika chumba kisicho na mtu kulivyo, basi aseme neno moja tu, dogo, hata kukohoa, naye Naliaka akauma leso yake mpaka ufizi ukatoa damu, mpaka utepe ukaisha na ncha yake ikabaki inazunguka ikipiga mashine, tap, tap, tap. Akaizima.

Tobias alichungulia. "Imeisha, dada?"

"Imeisha," Naliaka alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nzima, ambayo jioni ile nyumbani hapakuwa na wa kuisikia.