Ncha za Ukindu

Ilipofika saa kumi na mbili jioni ya Jumapili, Mama Vikapu alikuwa hoi bin taaban. Wala haukuwa uchovu wa soko. Siku nzima alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akipiga soga na kunywa chai ya chupa. Mtu hachoki hivyo kwa kukaa.

Miezi mitatu sasa alikuwa akilala mapema, usingizi wa pono, na kuamka kama aliyebeba zege usiku kucha. Vidole vimevimba. Nyayo zina unyevu. Na chini ya kucha, rangi ya buluu. Daktari alisema damu imepungua, akampa vidonge. Ile buluu yeye mwenyewe aliisingizia shuka mpya. Aliifua mara nne, maskini shuka ya watu, na bado akailaumu.

Soko lao lilikuwa la wikendi tu. Jumamosi asubuhi, watu wa kazi za mikono walichora mistari ya chaki kwenye uwanja wa kuegesha magari, wakasimamisha mahema na meza za kukunja. Jumapili jioni walifungasha. Jumatatu magari yalirudi kukaa juu ya chaki yao.

Jirani yake wa kulia alikuwa mama wa makamo aliyeuza sabuni za kutengeneza mwenyewe, na soko zima lilimwita Bibi Sabuni. Jirani gani tena kama yule! Kila jioni alikuja na ufagio wake mfupi, akainama chini ya meza ya Mama Vikapu, akafagia ncha za ukindu. Kikapu kikimalizwa, majani yanayochomoza hukatwa kwa mkasi, na zile ncha hutapakaa chini.

"Wewe pumzika, mwanangu," alikuwa akisema. "Umechoka."

Mama Vikapu alimwachia. Nani anakataa kufagiliwa?

Jana yake, Jumamosi, binti yake wa pekee alikuja kumsaidia kushona vishikio. Alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu. Bibi Sabuni alisimama akamtazama kwa muda mrefu.

"Naye anatumia kushoto? Mkono wa mama yake kabisa."

Akafagia na chini ya kiti cha binti.

Sasa jua lilikuwa linazama na Mama Vikapu anakunja kitambaa cha meza, mara mteja mmoja akaja mbiombio.

"Dada, usifunge kwanza. Kishikio kimekatika, niangalizie."

Akakipokea kikapu shingo upande. Akakigeuza. Akakigeuza tena...

Ususi wa mtu wa kushoto hulala upande wake, na pale sokoni hakukuwa na msusi mwingine wa kushoto. Tena kila mzunguko ulikuwa na kinundu kidogo, pale gumba lake lililowahi kubanwa na mlango linapokosa nguvu. Kinundu kile angekijua hata gizani. Kikapu kilikuwa chake.

Ila kilikuwa cha buluu.

Hakuwahi kusuka kikapu cha buluu maishani mwake.

"Ulikinunua wapi?" Sauti ilimtoka ndogo.

"Si hapo kwa mama wa sabuni? Wiki iliyopita. Anavitoa chini ya meza... Kwani si wewe unayemletea?"

Mama Vikapu akazitazama kucha zake.

Mteja alipoondoka, alivuka ule mstari wa chaki. Harufu ya waridi ya sabuni ilimpokea. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya ukindu uliolowekwa, harufu ya nyumbani kwake. Akainua kitambaa cha meza.

Vikapu. Vimerundikwa, vyote vya buluu, vingine bado vinatona maji. Akapapasa kimoja. Kinundu. Akapapasa kingine.

Kinundu.

"Nani amesuka hivi?" akanong'ona.

Bibi Sabuni aliendelea kufunga sabuni kwenye karatasi kwa mkono mmoja, polepole.

"Mikono inayojua kazi."

"Hii ni mikono yangu."

"Basi unaniuliza nini?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa ngapi, na hilo ndilo lililomsisimua mwili Mama Vikapu. Tangu utotoni alikuwa akisikia habari za watu wanaochukuliwa usiku wakafanyishwa kazi na wachawi, asubuhi wakaamka hoi wasijue walikokuwa. Alizicheka sana. Sasa zilikuwa zimesimama mbele yake, zimevaa aproni.

Kando ya vikapu kulikuwa na mfuko. Ndani yake, ncha za ukindu, mafungu kwa mafungu, kila fungu limefungwa kwa uzi wa buluu.

"Nipe vyangu," alisema.

"Chukua, mwanangu. Beba vyote. Kweli umechoka, na mimi si mtu wa roho mbaya."

Akaukumbatia mfuko akaondoka. Nyuma yake Bibi Sabuni hakunyanyuka, wala mkono wake mmoja haukutoka mfukoni mwa aproni.

Usiku ule Mama Vikapu alizichoma ncha zote kwenye jiko uani, mpaka zikawa majivu. Akalala. Jumatatu aliamka mwepesi, kucha nyeupe peee. Alicheka peke yake. Alibandika chai huku akiimba, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

Kisha akaviona viatu vya shule bado viko mlangoni, na saa imekwenda.

"Mama..." Binti hakuinua kichwa kwenye mto wake. "Nimechoka."

"Ulilala saa ngapi?"

"Mapema. Kabla yako."

Mama Vikapu akagusa nyayo za mtoto. Zilikuwa na unyevu.

"Nionyeshe mikono."

Buluu.

Akaukumbuka ule mkono uliobaki mfukoni mwa aproni, na ncha zilizofagiliwa chini ya kiti cha binti. Alijilaani kwa kila jioni aliyokaa kwenye kiti chake akitazama anafagiliwa. Alikimbia mpaka uwanjani, akakuta magari yamejipanga juu ya chaki.

"Soko mpaka Jumamosi, mama," alisema mlinzi.

"Yule wa sabuni anakaa wapi?"

"Hao huja na kuondoka tu. Nani anajua?"

Mpaka Jumamosi, usiku tano. Na mtihani wiki tatu. Lakini mtihani nao ulikuwa nini tena? Alimtaka mtoto wake, basi.

Usiku ulipoingia alifungia mkasi kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Alipanda kitandani kwa binti yake, akachukua majani machache ya ukindu mabichi, akaufunga mkono wa mtoto pamoja na wake. Wakija, wamchukue na yeye akiwa macho. Alikesha kwa chai na hasira. Majogoo walipoanza kuwika alishukuru, akafumba macho kidogo tu, ayapumzishe...

Aliamka hoi.

Vidole vimevimba. Kucha buluu, zake na za mwanawe. Ufunguo ulikuwa bado shingoni. Na yale majani yaliyowaunganisha mikono yalikuwa yamesukwa vizuri, yamelala upande wa kushoto, nusu ina vinundu na nusu haina. Miisho ilikuwa imekatwa sawasawa kwa mkasi.

Akazitafuta ncha. Alikung'uta shuka, akapapasa chini ya mto, akapiga magoti akaangalia uvunguni.

Sakafu ilikuwa imefagiliwa.