Sweta Kiunoni mwa Dorca

Jua la soko la Otonglo, karibu na Kisumu, halina huruma. Ikifika saa nne asubuhi, kina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, hujifunika leso kichwani na kugombania kivuli. Dorca alikuwa mmoja wao. Kwa miaka kumi na tisa alikaa pahali pamoja, kando ya barabara ya kwenda Busia. Mbele yake palikuwa na gunia la omena, na juu ya gunia palikuwa na gorogoro, lile kopo la kupimia. Kipimo chake kilijaa hadi juu, na wateja walimpenda kwa hilo.

Mwaka ule Dorca alianza jambo la ajabu. Alikuja sokoni na sweta nyeusi, nzito, ya kuvaliwa wakati wa mvua. Hakuivaa mwilini. Aliifunga kiunoni, ikaning'inia nyuma. Leo sweta, kesho sweta.

Wenzake walimtania. "Min Benta," walimwita, yaani Mama Benta, "hiyo baridi yako inakaa kwa kiuno peke yake?"

Dorca alicheka pamoja nao. Moyoni hakucheka hata kidogo.

Tuseme wazi, maana hadithi hii yote inahusu kusema wazi. Dorca alikuwa akitokwa na damu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na hedhi yake ilikuwa imekoma miaka sita iliyopita. Sasa damu ilikuwa imerudi. Siku moja ilitoka kidogo, siku nyingine nyingi, kisha ikapotea wiki nzima. Mara nyingine yalitoka maji yenye harufu mbaya. Lakini nani angeisikia harufu hiyo katikati ya magunia ya omena? Biashara yake ilimsaidia kujificha, na ndiyo iliyomponza.

Mwezi wa nne alikuwa amekwenda kituo cha afya. Alimkuta daktari kijana anayeitwa Frankline, wa umri wa binti yake.

"Mama, shida ni nini?" Frankline aliuliza.

Dorca alitazama sakafu. "Kichwa," alisema. "Kichwa na joto kidogo."

Alipimwa malaria. Hakuwa nayo. Alipewa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani na damu yake na siri yake.

Aibu ilikuwa sababu moja ya kunyamaza. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi.

Dorca na Beldina walikuwa wake wa marehemu Walter. Beldina ndiye mke mkubwa. Boma lao lilikuwa upande wa juu wa barabara, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake na shamba lake dogo. Katika boma la Wajaluo, mke mkubwa ndiye anayepanda kwanza. Mdogo hungoja. Mwezi wa tatu, mvua ilianza wakati Beldina yuko Port Victoria. Binti yake alikuwa amejifungua huko. Siku nne zikapita, siku saba, siku kumi. Majirani wote walikuwa wamepanda. Dorca aliogopa kukosa mahindi ya mwaka mzima. Alfajiri moja alichukua jembe, akapanda peke yake, haraka haraka kama mwizi.

Wiki tatu baadaye aliona damu.

"Hii ni chira," alijiambia. Chira ni balaa ambalo watu husema humpata mtu aliyevunja mwiko. Tena husemekana linaweza kushuka hadi kwa watoto. Dorca alimwogopea Benta, binti yake aliyekuwa akifanya kazi Nakuru. Kumwambia daktari habari ya damu kulikuwa ni kukiri kosa. Kumwambia Beldina ndiyo kabisa! Kwa hiyo alinunua dawa ya miti shamba ya kuondoa chira, akainywa kwa siri. Alikunywa mwezi wa tano. Alikunywa mwezi wa sita. Damu haikukoma. Yeye ndiye aliyeanza kukonda.

Mwezi wa saba, Celestine alikuja kununua omena. Celestine alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao. Kazi yake ni kutembelea nyumba na kuuliza watu hali zao. Alimtazama Dorca akipima omena. Aliona jinsi alivyokonda. Akaitazama ile sweta.

"Min Benta, hii joto yote na sweta?"

"Mgongo inanisumbua."

Celestine hakubishana naye. Alisogeza ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Alingoja mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikuulize kitu ya wanawake?"

"Uliza."

"Uliacha kuona mwezi lini?"

"Miaka sita sasa."

"Na tangu hapo, damu haijarudi? Hata tone?"

Dorca alishika ukingo wa gunia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa haraka kwa leso.

"Sikuulizi ndio nikuchekelee," Celestine alisema. "Nauliza kila mama wa umri yetu. Damu ikirudi baada ya hedhi kuisha, hata kidogo, hata mara moja, si kitu ya kungojea. Inaweza kuwa kitu ndogo. Inaweza pia kuwa kansa inaanza. Kwa macho hatuwezi jua. Daktari ndiye anajua, na yeye pia hajui mpaka umwambie."

"Celestine, wewe hujui. Hii yangu ni maneno ya nyumbani. Nilivunja kitu."

"Sawa. Maneno ya nyumbani itatengenezwa nyumbani, na watu wa nyumbani. Sikukatazi. Lakini damu inatoka kwa mwili. Mwili uende hospitali."

"Daktari mwenyewe ni kijana! Nitamvulia nguo aje?"

"Una haki ya kuomba nesi mwanamke akuwe hapo ndani. Mimi pia nitaingia, ukitaka. Na kama mdomo inakataa, tutaandika kwa karatasi."

Celestine alirarua ukurasa kwenye daftari lake. Dorca alisema, naye akaandika: damu ilianza lini, hutoka mara ngapi, ni nyingi kiasi gani, ina harufu au la, kuna maumivu au la. Karatasi ilijaa pande zote mbili. Dorca aliishangaa. Hakujua kwamba alikuwa amebeba maneno mengi namna ile.

Kesho yake walikwenda pamoja. Frankline alikuwa yuleyule, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Mama, shida ni nini?"

Karatasi ilikuwa imekunjwa mkononi mwa Dorca. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema kwa Dholuo kama ni rahisi," Frankline alisema. "Hakuna mahali tunakimbia."

"Remo," Dorca alisema. Damu. Neno lile moja lilipotoka, mengine yalifuata. Karatasi hata hakuisoma.

Frankline alisikiliza bila kucheka na bila kukunja uso. Alipomaliza kuandika, alifungua kurasa za nyuma za kitabu cha wagonjwa.

"Mwezi wa nne uliniambia ni kichwa."

"Nilikudanganya, mwanangu."

"Mama, mimi natibu kile naambiwa. Nilitibu kichwa, na kichwa haikuwa na shida. Miezi tatu imepotea. Lakini leo umesema, na leo ndio tunaanza."

Aliita nesi mwanamke. Alimweleza Dorca kila hatua kabla ya kuifanya. "Sasa nitaangalia mlango wa kizazi na hiki chombo. Utasikia baridi. Ukisema nisimame, nasimama." Ilichukua dakika chache. Haikuwa raha, lakini haikuwa ile fedheha aliyoiogopa. Kisha Frankline alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini Kisumu. Huko angepigwa picha ya kizazi na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya ndani ili kipimwe.

"Uende na mtu wa nyumbani," alisema. "Hii safari si ya kwenda peke yako."

Mtu wa nyumbani! Benta alikuwa Nakuru. Aliyebaki ni Beldina. Jioni ile Dorca alisimama mlangoni mwa mke mwenzake, akiogopa kuliko alivyoogopa kwa daktari.

"Min Odongo, nimekuja kusema makosa yangu," alianza. "Mwezi wa tatu, wakati ulikuwa Port Victoria, nilipanda kabla yako. Sasa natoka damu."

Beldina alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Niliporudi," alisema, "mahindi yako ilikuwa imefika hapa." Aligusa mguu wake chini ya goti. "Ulidhani nilifikiri imejipanda?"

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na hasira. Nikangoja uje uniambie. Nawe ukangoja nisijue." Beldina alisukuma ungo kando. Sauti yake ikabadilika. "Yawa, Dorca. Miezi tatu unatoka damu, nyumba yako na yangu ni hatua ishirini, na mimi nakaa hapa na hasira ya mahindi?"

Alilia. Dorca naye alilia. Kisha Beldina alijifuta uso, akasema, "Hiyo ya kupanda, mimi ndio niliyekosewa, na nimesamehe. Imeisha. Hospitali ni siku gani?"

Majibu yalipotoka, yalikuwa mazito. Ilikuwa kansa ya kizazi. Daktari wa mjini aliwaambia taratibu, akirudia pale waliposhindwa kuelewa. Kansa ilikuwa bado changa, ndani ya kizazi tu. Kizazi kingeondolewa kwa upasuaji.

"Angekaa mwaka mmoja zaidi?" Beldina aliuliza.

"Pengine tungekuwa na mazungumzo mengine," daktari alijibu.

Dorca alifanyiwa upasuaji mwezi wa nane. Alikaa nyumbani wiki nyingi bila kubeba hata ndoo. Benta alikuja kumuuguza. Beldina alimshikia nafasi yake sokoni, na watu wakalalamika kwamba gorogoro yake haikujaa kama ya mwenyewe. Dorca alipimwa tena mwezi wa kumi na moja, kisha mwezi wa pili. Ataendelea kupimwa miaka kadhaa. Kufikia sasa, hakuna dalili mbaya. Sweta ile alimpa Benta arudi nayo Nakuru, kwenye baridi ya kweli.

Mwezi wa tatu mvua ilirudi. Dorca alisimama mpakani mwa shamba na mbegu zake, akingoja kama inavyotakiwa. Beldina alipanda mstari mmoja. Katikati ya mstari wa pili aliacha jembe, akachuchumaa, mkono mmoja ukiwa chini ya tumbo.

Dorca alimkimbilia. "Ni nini?"

Beldina alitazama huku na huku, ingawa shambani hapakuwa na mtu mwingine.

"Kuna kitu inashuka," alinong'ona. "Hapa chini. Nikiinama, nikibeba maji, inatoka nje, naisukuma irudi. Na mkojo haingojei."

"Tangu lini?"

"Tangu nizae Odongo."

Odongo alikuwa na miaka thelathini na mbili. Dorca aliketi kwenye udongo uliolowa. Alikumbuka hatua ishirini kati ya nyumba zao, akaona uchungu kwamba hakuwahi kuuliza.

"Mbona ulinipeleka mimi mpaka mjini na hukusema yako?"

"Sijui," Beldina alisema. "Kwa mbegu, mimi ndio natangulia. Kwa hii, tangulia wewe."

Walimaliza mstari wa pili, kisha Dorca akapanda wake mmoja, desturi ikatimizwa. Mahindi mengine yalingoja kesho. Walioga, wakavaa, wakashuka hadi kituo cha afya.

Frankline alivuta kiti karibu. "Mama, karibu. Shida ni nini?"

Beldina alitazama sakafu. Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Kichwa," alisema.

Dorca alimshika mkono, akangoja. Frankline naye aliweka kalamu chini, akangoja.

"Si kichwa," Beldina alisema, akainua uso.