Shangazi wa Majivu

"Elfu arobaini haziondoki humu ndani! Kaa chini tucheze tena!"

Sauti ilikuwa ya Sindano. Waya, kaka yake, alikuwa nyuma ya kaunta akitafuta bisibisi iliyomponyoka. Akainua kichwa. Jua lilikuwa linazama, na chumba chake cha gemu kilikuwa na watu watatu tu: yeye, dada yake fundi cherehani, na mteja mgeni aliyevaa shati la ofisini, vifungo vimefungwa mpaka kooni.

"Umefungwa mara mbili, dada," mgeni alisema taratibu. "Kwa haki."

"Haki gani? Nikichagua Shangazi na wewe Shangazi! Nikiruka unaruka! Wewe huna akili yako mwenyewe?"

Waya akauliza, "Hela za nani hizo?"

Sindano akashusha sauti. "Za kitambaa cha sare za shule, kaka. Mwalimu mkuu anazitaka Jumatatu."

"Umecheza kamari na nguo za watoto wa watu? Una wazimu?"

"Si ndiyo nazirudisha sasa! Unanipigia kelele za nini?"

Gemu yenyewe ilitoka kwenye katuni ya Kijapani, ya wapigana upanga. Picha zake bapa kama karatasi: wawili wanatazamana, wanaonekana kwa ubavu, mmoja kushoto, mmoja kulia. Hakuna kuzunguka, hakuna pa kukimbilia. Shangazi lilikuwa jina la utani walilompa mwanamke mmoja wa humo, mwenye msuko mweupe na uso usiojua kucheka. Wachezaji wawili wakimchagua mhusika yuleyule, mashine inampa wa pili rangi nyingine ili watu wasichanganyikiwe. Wa Sindano alivaa nyekundu. Wa mgeni alikuwa wa rangi ya majivu, kuanzia nywele hadi kucha.

Mgeni akatoa zile noti na kuziweka juu ya TV.

"Naweka zote," alisema. "Wewe weka mkono wa kulia."

Sindano akacheka. "Uupeleke wapi, ukakukune mgongo? Haya, chukua! Nauweka!"

Waya hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kinanuka... udongo. Udongo uliochimbwa sasa hivi. Alitaka kusema neno, lakini raundi ilikwisha kuanza.

Haikuchukua hata dakika tatu. Raundi ya kwanza, mgeni. Raundi ya pili, mgeni.

Paa!

Pedi ya kuchezea ilimponyoka Sindano, ikaanguka sakafuni, ikapasuka gamba.

"Mwenzangu, una hasira na pedi zangu?" Waya akafoka.

"Kaka..." Sindano alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama aliyeokota kitu cha mtu. "Kaka, siusikii."

Waya akaruka kaunta. Akaugusa. Ulikuwa wa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Akaubana ukucha kwa nguvu. Sindano alikuwa anamtazama tu.

"Nimekubana."

"Umenibana wapi?"

Kwenye kioo cha TV, Shangazi wa majivu alikuwa ameshinda. Kila siku mshindi huinua upanga juu, muziki ukipigwa. Huyu hakuinua kitu. Alisimama kimya, akisugua kidole gumba na cha shahada, polepole, kama mtu anayesokota ncha ya uzi kabla ya kuipitisha kwenye tundu la sindano.

Waya aliujua usuguaji ule. Ameuona tangu dada yake ana miaka tisa.

Akanyakua nyundo. "Wewe shetani, mrudishie dada yangu mkono wake, au nikupasue!"

Mgeni hakusogea. Alinyoosha kidole ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za shoka: UKITAMKA, UMEWEKA.

"Aliyeandika pale ni nani?"

Waya akautazama ukuta. Aliandika mwenyewe. Kwa sheria ile alikwisha kumvua shemeji yake viatu, mzee wa watu akarudi nyumbani pekupeku. Na alijisifu mtaa mzima kwamba kwake hakuna mjanja wala ndugu.

"Ni mimi," alisema. Akaiweka nyundo chini. "Sasa cheza na mimi. Mkono wake kwa yangu yote miwili."

"Kaka, usi..."

"Nyamaza, Sindano. Nimeshatamka."

Mgeni akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akamnyooshea pedi aliyokuwa ameishika. "Ile imepasuka. Chukua hii nzima."

Hapo hasira zikampanda Waya upya. Ahurumiwe? Kwenye chumba chake?

"Hapa mteja ndiye anayepewa nzima," alisema. "Mbovu ni ya mwenye duka. Kaa."

Akaiokota ile iliyopasuka, akachagua Shangazi. Na mgeni naye, Shangazi.

Raundi ya kwanza.

Waya alibonyeza teke. Shangazi akainama. Alibonyeza aruke, akachoma upanga. Nyaya za ndani zilikuwa zimegusana, kila kitufe kikafanya kazi ya mwenzake. Waya alitukana matusi ambayo hata Sindano hakuwahi kuyasikia. Jasho likamwingia machoni. Alisubiri kuchinjwa.

Hakuchinjwa.

Wa majivu aliruka pasipo na cha kuruka. Akakinga pigo ambalo halikuja. Akainama, na upanga ukamkuta palepale chini. Waya akaiba jicho pembeni.

Mgeni haangalii kioo.

Alikuwa anaangalia mikono. Macho yake yamegota kwenye vidole vya Waya, hayapepesi. Ndivyo alivyokuwa akiwafunga watu. Vidole vinamwambia kabla mtu hajafanya... na jioni ile vidole vilikuwa vinadanganya bila mwenyewe kukusudia.

Raundi ya kwanza, Waya.

Ya pili aliibonyeza kama mtu anayekanda unga, hata yeye hajui kinachokuja. Pumzi za mgeni zikaanza kusikika. Hhh... hhh... Harufu ya udongo ikazidi, ikawa nzito ya kutafunika. Shangazi mwekundu akapiga mara ya mwisho. Wa majivu akaanguka chali.

"Haya!" Waya akageuka. "Lipa!"

Kiti kilikuwa kitupu. Pedi nzima ilikuwa inaning'inia kwa waya wake, ikiyumba.

Mlango wa bati, ambao hulia kila ukiguswa, haukulia.

Mama wa fotokopi, jirani wa mlango wa pili, anaapa kwamba hakuona mwanamume yeyote akiingia wala akitoka. Anasema alimsikia Sindano akicheza peke yake, akijigombeza mwenyewe kuhusu elfu arobaini. Daktari ameupima mkono wa Sindano, ambao bado hausikii kitu, amekunja uso, amesema mishipa ni mizima. Sare za Jumatatu zimekwenda kwa fundi mwingine, na mwalimu mkuu amesema kazi za shule ile Sindano asizitegemee tena.

Waya hajaizima TV. Noti bado ziko juu yake, hakuna aliyezigusa. Wateja wakichungulia anawafukuza. Kwenye kioo, Shangazi wa majivu yuko palepale, chali, na mkono wake mmoja hautulii. Unasokota... unasokota...

Jioni ya nne, Sindano alipiga yowe kutoka chumbani kwake. Waya alimkuta akilia na kucheka kwa pamoja. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kinacheza. Kilikuwa cha moto.

Kimoja tu.

Waya akarudi dukani mbio. Akavuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akavihesabu vidole vya ule mkono wa majivu. Kidole kidogo hakikuwepo. Vilivyobaki vilikuwa vinaendelea na kazi.

"Umelipa kimoja," alisema. "Bado vinne. Lete."