Weupe wa Bandeji

Jumanne, saa tatu asubuhi, muuguzi wa wodi ya walioungua alifungua bandeji mkononi mwa bibi mmoja akakuta usaha. Bandeji ile ilitakiwa kuwa na chembe ndogo mno za madini ya fedha, za kuua vijidudu. Ndivyo kiwanda kilivyojitapa. Maabara ya hospitali ikaipima. Vijidudu vilikuwa vimestarehe juu yake.

Saa sita mpelelezi alikuwa kiwandani. Meneja, bwana wa tai ya hariri na suruali nyeusi yenye madoa meupe magotini, alikuwa keshapata mwizi.

"Huyu hapa, fundi wa kuchovya. Kaiba fedha, kachovya bandeji kwenye maji matupu. Mchukue, afande."

Fundi, mama wa makamo, alikuwa akilia. "Nilizichovya zote, baba, haki ya Mungu. Nikifungwa, wanangu watalelewa na nani?"

"Na mtunza stoo, anayeitunza hiyo fedha, yuko wapi?" aliuliza mpelelezi.

"Amelazwa hospitalini, wiki ya pili sasa," alijibu meneja.

Mpelelezi alinusa bandeji zilizobaki. Zilikuwa nyeupe pe, na zilinuka klorini ya kung'arishia nguo.

"Zikitoka kwenye dawa zinakuwa na rangi gani?"

"Manjano," alisema fundi. "Fedha ikiwa chembe ndogo hivyo, kitambaa hugeuka manjano."

Meneja akacheka. "Fedha ni nyeupe, mama! Manjano ni uchafu."

Miaka sita bwana huyu alihutubia watu kuhusu kitambaa hicho, na hakuwahi hata kuchungulia pipa la dawa. Kichwa kitupu, mdomo mpana.

"Na uchafu hufuliwa," alisema mpelelezi. "Ulipiga magoti kwenye beseni, klorini ikakurukia. Hayo madoa hukuyapata kwa kusali."

Meneja alitazama magoti yake. Kicheko kikamkauka.

"Wageni walikuja Jumapili na kamera! Ningewaonyesha matambara ya manjano? Nilizifua mwenyewe Jumamosi jioni. Nilijua dawa inabaki."

"Hukujua chochote. Klorini iliiharibu dawa yote. Jana zikapelekwa wodini, na leo bibi wa watu anaoza mkono. Kisha ukamsingizia huyu."

"Yeye ni fundi tu, afande. Mimi nina jina."

Mpelelezi alimtia pingu. Meneja, bila haya, akaomba abadili suruali kwanza, maana waandishi wa habari walikuwa getini.

"Utatoka nayo hiyo hiyo," alisema mpelelezi.

Fundi alifuta machozi, akawatangulia wawili hao kuwafungulia mlango.