Mkono wa Kushoto wa Akiror

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya mwamba wa Tororo wakati Akiror alipofika kwa katekista Edimu, kuomba ufunguo wa kanisa la Kwapa. Jambo dogo tu. Alitaka kupiga piano kabla giza halijashika.

“Yoga, mtu wa Ulaya,” Edimu alimsalimu kwa Kiteso, amekumbatia nyasi za ng'ombe. “Huko piano zimekwisha?”

“Zipo, papa. Vidole vyangu ndivyo vimekwisha.”

Mzee akautazama mkono wake wa kushoto, akaacha kucheka. Kidole cha mwisho na jirani yake vilijikunja kama miguu ya buibui aliyekufa.

Miaka kumi na miwili mkono ule ulikuwa umemlisha. Vienna, Praha, watu wamevaa suti nyeusi wakisimama kumpigia makofi. Kisha mwaka jana, katikati ya tamasha, ukakataa. Madaktari waliupiga picha wakasema mzima. Sasa lilibaki tamasha moja, wiki tatu mbele. Akishindwa hilo, hawatamwita tena, na kazi nyingine hakuijua.

“Chukua ufunguo,” Edimu alisema. “Mimi nakwenda kukamua. Lakini giza ikiingia, mwanangu, toka. Ile piano jioni inajipiga kidogo. Upande ya kushoto peke yake.”

“Panya hao, papa.”

“Panya hajui zaburi.”

Kanisani kulinuka popo na nta. Kwa mbali malori ya mpakani Malaba yalipiga honi. Akiror akaketi, mkono mbovu pajani, akaanza kwa ule wa kulia.

Kisha...

Du.

Sauti nzito, chini kabisa.

Du... du...

Ikaufuata mkono wa kulia bila kukosea hata mara moja. Benchi likalemea kushoto, kama mtu ameketi. Halafu harufu. Udongo mbichi, na maziwa ya mama.

Akiror aliijua harufu ile.

Akaanguka magotini, akaungama kwa sauti.

“Bwana Yesu, nisamehe. Tulizaliwa wawili.”

Mwenzake aliishi siku mbili, akazikwa ndani ya chungu nyuma ya ghala, kama pacha anavyozikwa. Mama alikuwa ameokoka. Ngoma ya mapacha, ile ya kimila ya kuwatuliza, aliikataa, na habari ile ikabaki ya kunong'onwa. Lakini Akiror, alipokuwa na miaka kumi na mitano, mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito, na kesho yake ulikuwa mtihani wa kumpeleka Ulaya. Akaenda kisirisiri kwenye chungu, akamwaga maziwa, akasema: niazime mkono wako, nikishinda nitarudi nikuchezee ngoma yako.

Alishinda.

Hakurudi. Miaka kumi na tisa.

“Tamasha moja tu,” alilia sasa. “Moja, halafu chukua.”

Alikuwa ameanza kwa kumwomba Yesu. Hata hakujua ni saa ngapi aligeuka, akawa analiomba benchi.

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

“Zamu yangu,” ikanong'ona.

“Zamu gani?”

Vidole viwili vikaanza kukunjuka, polepole, kwa utamu. Rozari ilikuwa mfukoni. Alijua la kusema kuifukuza, kila Mkristo analijua. Lakini aliviona vidole vyake vimenyooka...

“Sawa,” akasema.

Wiki tatu baadaye, Vienna, ukumbi mzima ulisimama. Piano haijawahi kupigwa hivyo, walisema.

Lakini Akiror hakupiga. Alikuwa akitazama tu, kutoka mahali pembamba, nyuma ya macho yake mwenyewe. Alijaribu kusogeza kidole. Akajaribu Baba Yetu. Ulimi haukugeuka.

Nyuma ya jukwaa, mkono wa kushoto ukachukua simu, ukampigia mama huko Kwapa.

“Akiror, mwanangu! Imekwendaje? Tumefunga na kuomba tangu asubuhi!”

Mama, siyo mimi! Mama! Alipiga kelele mpaka akahisi anapasuka. Hakuna kilichotoka. Mdomo ukatabasamu, ukasema kwa sauti ndogo, ya mtoto:

“Mama. Mbona mimi hukunipa jina?”

Huko Kwapa, mama akanong'ona:

“Na mwenzako... umemwacha wapi?”

Mkono wa kushoto ukaizima simu.